Kusaka mikia ya asteroidi kutoka Mwanza: mwongozo kamili

Ukanda wa asteroidi uko kati ya Mirihi na Mshtarii, na karibu kila kilichomo huonekana kwenye picha kama nukta kavu isiyotofautiana na nyota. Lakini kati ya zaidi ya milioni moja zinazojulikana, dazeni chache zimewahi kunaswa zikitoa vumbi, zikavaa ukungu au mkia kama kometi. Ya kwanza ilikuwa 133P/Elst–Pizarro, iliyoonekana na mkia mwaka 1996 kutoka La Silla, Chile. Mkia ulirudi 2002, 2007 na 2013, kila ilipopita karibu na Jua. Kurudi huko ndiko kulikowashawishi wanasayansi kwamba chini ya udongo wake kuna barafu, na mwaka 2006 Henry Hsieh na David Jewitt wakalitambulisha kundi zima la kometi za ukanda. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya darubini ya James Webb: mvuke wa maji umepatikana kwenye 238P/Read, bila dalili ya kaboni dioksidi.

Si kila mkia ni wa barafu. Asteroidi 596 Scheila iliongezeka mwanga kwa takriban magnitudi moja (kipimo cha mwanga wa nyota, ambapo namba kubwa ni hafifu zaidi) Desemba 2010 baada ya kugongwa na jiwe dogo. 6478 Gault ilitoa mikia miwili mwishoni mwa 2018, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba inajizungusha kwa kasi kiasi cha kumwaga vumbi lake yenyewe. Tofauti hii inakuhusu moja kwa moja. Mkia wa barafu unaweza kuutarajia na kuupangia ratiba. Wa kugongwa au wa kujizungusha huja bila taarifa, na anayeukuta ni yule aliyekuwa akipiga picha usiku huo. Darubini ndogo zina nafasi hapo: chombo cha NASA kiitwacho DART kilipoigonga asteroidi ndogo Dimorphos Septemba 2022, wananchi wenye darubini za nyumbani huko Réunion na Nairobi waliurekodi mlipuko wa vumbi. Dimorphos haiko kwenye ukanda, lakini mbinu ni ileile.

Anza na kalenda, siyo darubini

Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Njia ya Jua angani hupita karibu na utosi mwaka mzima, na asteroidi nyingi hufuata njia hiyo. Ni bahati kubwa: unapiga kupitia hewa nyembamba wakati mtazamaji wa Ulaya anahangaika na kitu kilicho juu kidogo ya paa la jirani. Giza kamili lipo kuanzia saa mbili na kitu usiku hadi karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Tatizo ni msimu. Kiangazi chetu, Juni hadi Agosti, ndicho chenye anga safi. Lakini asteroidi zilizo mkabala na Jua (upande wa anga ulio kinyume kabisa nalo) mwezi Juni na Julai huwa katika makundi ya nyota ya Nge na Mshale, katikati ya Njia Nyeupe, ambako nyota zimebanana hata huwezi kupata pikseli kumi tupu kando ya shabaha yako. Kutafuta ukungu hafifu pale ni kujitafutia kilio. Kwa hiyo Juni na Julai ama fanya kazi mapema usiku kwenye Mashuke, upande wa magharibi, ama subiri baada ya saa nane usiku upige Ndoo na Samaki. Dirisha bora la mwaka ni mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba: mvua za vuli bado, na vitu vilivyo mkabala na Jua viko katika Mbuzi, Ndoo na Samaki, ambako anga lina nafasi. Ubaya wa kipindi hiki ni moshi wa kuchoma mashamba, unaotanda chini karibu na upeo. Fanya kazi juu ya nyuzi 40 na hautakusumbua sana.

Kumbuka pia kwamba saa zetu hufuata longitudo 45 wakati Mwanza iko karibu 33. Kitu kilicho mkabala na Jua hakifiki juu kabisa saa sita kamili usiku bali karibu saa saba kasoro dakika kumi.

Mahali pa kusimika

Mwanga wa jiji unajulikana. Usiojulikana sana ni wa ziwani. Wavuvi wa dagaa hutoka wakati wa giza la mwezi, usiku uleule unaoutaka wewe, na taa zao za LED huufanya upeo mzima wa maji kung'aa. Chujio la kuzuia mwanga wa mji halisaidii, kwa sababu LED nyeupe hutoa rangi zote. Sogea bara: maeneo ya Misungwi, Kwimba au Magu mbali na maji, na ziwa libaki mgongoni mwako, upande wa magharibi au kaskazini. Faida nyingine ni mawingu. Usiku hewa ya nchi kavu huvuma kuelekea ziwani na kukutana juu ya maji, ndiyo maana ngurumo nyingi hutokea ziwani kabla ya mapambazuko huku bara kukiwa shwari.

Usisimike juu ya jabali wala kando yake. Mawe ya Mwanza hushika joto la mchana na kulitoa hadi usiku wa manane, na hewa inayopanda kutoka kwenye jiwe huivimbisha kila nyota kwenye picha. Nyota yenye upana wa sekunde 2.5 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi) inageuka ya 5, na ukungu uliokuwa ukiutafuta umezikwa humo. Nyasi fupi au shamba lililovunwa ni pazuri zaidi, angalau mita 50 kutoka kwenye miamba.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi huibuka kwa wingi siku zinazozunguka mwezi mwandamo. Ukiwa karibu na ufuko watajaa ndani ya bomba la darubini. Tumia taa nyekundu tu, iliyofifishwa, na funika mdomo wa darubini kila unaposimama kupiga. Ufukweni usiku kuna viboko pia, sababu tosha ya kukaa mbali na maji.

Mweleze mwenyekiti wa kitongoji mapema, mchana, na umwombe awajulishe sungusungu. Watu wenye taa nyekundu na nyaya porini saa nane usiku lazima waulizwe maswali.

Vifaa

Darubini ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa fokasi wa milimita 1000 inatosha kuanza, na ya sentimita 25 ni bora. Weka lenzi ya kusahihisha pembe za picha. Bila hiyo, nyota za pembeni huota vimkia vinavyoelekea nje, na utaripoti kometi kila wiki. Kamera iwe ya rangi moja (nyeusi na nyeupe), yenye kipoza joto. Usiku wa Mwanza uko karibu nyuzi 18 hadi 20, hivyo usiilazimishe. Nyuzi 5 chini ya sifuri zinatosha, na kipoza kisifanye kazi zaidi ya asilimia 70.

Piga hesabu ya ukubwa wa pikseli angani: zidisha 206.265 kwa pikseli ya kamera (mikromita), gawanya kwa urefu wa fokasi (milimita). Pikseli ya 3.76 kwenye milimita 1000 ni sekunde 0.78 za tao. Hapo ndipo unapopataka, kati ya 0.7 na 1.5.

Usitumie vichujio vya rangi finyu vya kometi. Unachotafuta ni vumbi linaloakisi mwanga wa Jua, siyo gesi inayong'aa, kwa hiyo pokea mwanga wote uwezao.

Umeme: stendi yenye mota, kamera, kompyuta ndogo na mikanda ya kupasha lenzi dhidi ya umande hula jumla ya ampia 5 hadi 7 kwa volti 12. Kwa saa nane ni takriban Ah (ampia-saa) 50. Betri ya lithiamu ya Ah 60 itakufikisha asubuhi. Betri ya gari ya N70 itashuka chini ya nusu kabla hujamaliza, na ukiifanyia hivyo mara kwa mara itakufa.

Kuelekeza stendi ukiwa karibu na ikweta

Hapa wengi hukwama. Mhimili wa stendi ya ikweta lazima uelekee ncha ya anga, pale anga linapoonekana kuzungukia, na kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 2.5 tu juu ya upeo, nyuma ya mti, kilima au vumbi. Darubini ndogo ya kuelekezea haina kazi. Zaidi ya hapo, stendi nyingi hazishuki chini ya nyuzi 10 au 15. Usifupishe mguu mmoja wa tripodi ili kuinamisha stendi, kwani uzito unahama na mzigo mzima unaweza kuanguka. Mpe fundi wa kuchomelea atengeneze kabari ya bamba la chuma la milimita 8, yenye pembe itakayoleta skrubu ya latitudo katikati ya mwendo wake, na uifunge kwa bolti za M10. Ongeza nguzo fupi ya sentimita 20 juu ya tripodi, maana mhimili ukiwa karibu ulalo, chuma cha uzito wa kusawazisha hugonga mguu.

Kisha tumia programu inayopiga picha tatu sehemu yoyote ya anga, ikazitambua nyota na kukuambia usogeze wapi. N.I.N.A. ina nyongeza ya kufanya hivyo, ni ya bure, na haihitaji kuiona ncha. Shusha kosa hadi chini ya dakika 2 za tao.

Kuchagua shabaha

Anza na kitu ambacho unajua kina ukungu. 29P/Schwassmann–Wachmann, inayozunguka mbali kidogo kuliko Mshtarii, hulipuka mara kadhaa kwa mwaka na ni shule nzuri. Baada ya hapo chukua Scheila, inayofika magnitudi 12 hadi 14, ujifunze asteroidi isiyo na ukungu inaonekanaje kwenye vipimo vyako. Halafu Gault, ambayo ikiwa mahali pazuri huwa magnitudi 17 au 18. Kometi nyingi za ukanda ni hafifu kuliko magnitudi 19 na zitakuhitaji saa nzima au zaidi.

Kwa vitu vya barafu, angalia lini vinafika karibu zaidi na Jua. Kazi yao huonekana zaidi karibu na siku hiyo na miezi kadhaa baada yake. 133P huzunguka kwa miaka 5.6, kwa hiyo ukikosa mzunguko mmoja una kungoja kwingi.

Usingoje siku kitu kinapokuwa mkabala kabisa na Jua. Siku hiyo mkia unaelekea nyuma ya asteroidi, moja kwa moja mbali nasi, na unaonekana mfupi au hauonekani. Wiki tatu hadi sita kabla au baada ya hapo mkia hujitokeza kando.

Usiku wenyewe

Pata mahali na kasi ya shabaha kutoka huduma ya mtandaoni ya Horizons ya JPL, maabara ya NASA, au ya Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya asteroidi. Karibu na mkabala, asteroidi ya ukanda husogea kama sekunde 0.5 hadi 0.7 za tao kwa dakika. Picha ya sekunde 60 basi inaiacha ndani ya pikseli moja. Usizidishe sekunde 90, na usifuatishe stendi kwenye asteroidi, fuata nyota.

Piga angalau picha 60. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo 60 zinakupa uwazi wa karibu mara 8 ya moja. Kati ya kila picha tano, sogeza darubini pikseli 15 hivi upande wowote ili doa la kamera lisirudi mahali palepale. Rekebisha fokasi kila joto likishuka nyuzi 2. Mwanzo wa usiku hilo hutokea haraka. Piga pia picha 30 za giza (darubini ikiwa imefunikwa) zenye urefu na joto lilelile, na picha 30 za mwanga sawa kwa kutumia anga la jioni au kibao cha mwanga.

Andika saa kwa UTC tu, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa tatu usiku ya hapa ni 18:00 UTC, na tarehe ya UTC hubadilika saa tisa usiku, katikati ya kazi. Saa ya Kiswahili, saa ya simu na UTC zikichanganyika kwenye daftari moja, vipimo vya usiku mzima havitumiki. Sawazisha kompyuta kwa intaneti au GPS kabla ya kuanza, isizidi sekunde moja.

Kulaza picha mara mbili

Baada ya kusafisha picha kwa zile za giza na za mwanga sawa, zilaze juu ya nyingine kwa njia mbili. Mrundiko wa kwanza ufuate nyota: nyota ni nukta, asteroidi ni kistari. Wa pili ufuate asteroidi kwa kasi na mwelekeo ulioupata Horizons: asteroidi ni nukta, nyota ni vistari. Programu za Tycho Tracker na Astrometrica hufanya hili vizuri. ASTAP na Siril ni za bure na zinatosha ukiwa na subira. Katika mrundiko wa pili tumia wastani unaokataa pikseli zilizozidi, siyo jumla tupu, ili mabaki ya nyota zinazopita yasilale juu ya ukungu unaoutafuta. Picha yoyote ambayo nyota angavu imepita ndani ya sekunde 15 za tao za shabaha, iondoe kabisa.

Kipimo chenyewe

Jicho halitoshi. Kwa umbali wa kizio astronomia 2 (mara mbili ya umbali wa Dunia na Jua), sekunde moja ya tao ni kilomita 1,450. Ukungu wa kilomita 5,000 ni sekunde 3.4 tu, sawa na upana wa nyota kwenye usiku wa kawaida. Utaangalia picha na kuona nukta safi kumbe ukungu umo ndani yake.

Kwanza linganisha upana wa nusu-kilele, yaani upana wa nukta pale mwanga wake unapofika nusu ya kilele. Chagua nyota 8 au 10 zenye mwanga unaokaribia wa asteroidi, zilizo karibu nayo, kwenye mrundiko wa nyota. Ikiwa nyota zina sekunde 2.8 na asteroidi 2.9, hakuna kitu. Ikiwa asteroidi ina 3.5 na nyota hazipishani zaidi ya 0.1, endelea.

Kisha pima mwanga kwa maduara ya nusu-kipenyo cha sekunde 4, 6, 9 na 12 za tao, asteroidi na nyota za kulinganishia kwa duara lilelile kila mara. Nukta tupu hubaki na magnitudi ileile: tuseme 17.20, 17.21, 17.19, 17.20. Kitu chenye ukungu huendelea kung'aa kadiri duara linavyopanuka: 17.20, 17.11, 17.02, 16.95. Mteremko wa aina hiyo, kosa likiwa 0.03 au chini, ni ushahidi unaoweza kuutetea mbele ya mtu yeyote. Ukiona mwanga unaruka kwenye duara la mwisho tu, kuna nyota hafifu imeingia.

Linganisha pia magnitudi na ile iliyotabiriwa. Usishtuke kwa tofauti ya 0.2 au 0.4, kwani asteroidi nyingi hubadilika hivyo kwa kujizungusha. Ikizidi 0.7 na ikabaki hivyo saa zote, hilo ni jambo.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi huliruka. Uwanja wa kamera ya milimita 11 kwenye fokasi hii ni karibu dakika 38 za tao, na karibu na njia ya Jua humo huwa na asteroidi nyingine kadhaa. Chukua moja yenye mwanga unaofanana, ilaze kwa kasi yake, ipime vilevile. Kama nayo imeota mkia, kosa ni la darubini yako.

Mkia uelekee unakopaswa

Vumbi husukumwa na mwanga wa Jua au hubaki nyuma kwenye njia ya obiti. Horizons, kwenye kipengele namba 27, hutoa pembe mbili: ya upande ulio mbali na Jua, na ya kinyume cha mwendo. Mkia wa kweli kwa kawaida hulala kwenye mojawapo ya pembe hizo au kati yake. Mkia unaoelekea Jua, au unaofuata ukingo wa picha, utilie shaka kwanza.

Galaksi hafifu nyuma ya shabaha ndiyo mlaghai mkubwa. Fungua Aladin, atlasi ya anga ya mtandaoni, tazama picha za zamani za eneo lilelile. Kisha zungusha kamera nyuzi 90 na upige tena: kasoro ya vioo itazunguka na kamera, mkia utabaki palepale angani. Umande unaoanza kwenye kioo huzivisha nyota zote ukungu, kwa hiyo nyota zitakuambia. Hata hivyo, usiku wa pili ni lazima. Asteroidi itakuwa imesogea mbele ya nyota nyingine, na mkia ukienda nayo, ni wake.

Kuripoti

Kituo chako kinahitaji namba ya Minor Planet Center, inayopatikana kwa kutuma vipimo vya mahali vya asteroidi zinazojulikana, vya usiku zaidi ya mmoja, vilivyolinganishwa na katalogi ya nyota ya Gaia. Ifanye mapema, kabla hujapata chochote, maana mchakato huo hauna haraka yako.

Ripoti ya shughuli iwe na muda wa katikati ya mrundiko kwa UTC, idadi na urefu wa picha, kipenyo cha darubini, upana wa nusu-kilele wa asteroidi na wa nyota, magnitudi kwa kila duara, urefu wa mkia kwa sekunde za tao na pembe yake kutoka kaskazini kupitia mashariki. Ambatisha mirundiko yote miwili kama FITS (faili za picha zinazotumiwa na wanaastronomia), siyo picha ya skrini. Usiku ambao hukuona kitu uandike vilevile, na magnitudi hafifu zaidi uliyoifikia. Mtu akigundua mkia wiki mbili baadaye, rekodi yako ndiyo itakayosema ulikuwa bado haujaanza tarehe ile. Usiponunua darubini mwaka huu, mradi wa Active Asteroids kwenye Zooniverse, tovuti ya sayansi ya wananchi, ulioanza 2021, unakuruhusu kukagua picha za kamera kubwa ya Chile kwa simu, na ni mazoezi mazuri ya jicho kuona mkia wa kweli na wa uongo.